Vitz, Demio au Fit: Kuchagua Gari Dogo la Mtumba Jijini Nairobi

Mwanzoni mwa 2020 kampuni ya Toyota iliondoa jina la Vitz katika soko la Japani na kuweka mahali pake jina la Yaris, ambalo gari hilohilo lilikuwa likilitumia Ulaya tangu 1999. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 2019, Mazda nayo ilikuwa imeacha jina la Demio na kuanza kuliita gari lake Mazda2 hata nyumbani kwao. Kwa mnunuzi wa Nairobi hizi si habari za mbali. Kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza ina maana kwamba, ikiwa haitabadilishwa, Demio za mwisho zenye jina hilo, zilizosajiliwa 2019, zinaweza kuteremshwa Mombasa hadi mwisho wa 2026, na Vitz za mwisho, zilizosajiliwa 2020, hadi mwisho wa 2027. Fit ya Honda peke yake ndiyo iliyobaki na jina lake la kuzaliwa. Kwa hiyo anayetafuta gari dogo wakati huu anachagua kati ya matoleo ya mwisho ya magari mawili yaliyozoeleka na gari la tatu ambalo bado linaendelea, na swali la nani atalinunua gari hilo kutoka kwake baada ya miaka minne lina uzito sawa na swali la linakunywa mafuta kiasi gani.

Vitz ilizaliwa Januari 1999 kuchukua nafasi ya Starlet, gari ambalo wenye umri wa makamo Nairobi wanalikumbuka kwa jinsi lilivyokataa kufa. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na hilo huenda ndilo lililoifanya ipendwe Ulaya mapema kiasi kile: ilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1999–2000 na ile ya Ulaya ya 2000, na kuanzia 2001 Toyota ikaanza kuliunda gari hilo Valenciennes, Ufaransa. Toleo la pili lilitoka Februari 2005, la tatu Desemba 2010, na mwaka 2023 Toyota ilitangaza kwamba jumla ya magari ya ukoo huo yaliyouzwa duniani, kwa majina yake yote, imefika milioni 10. Mauzo hayo hayakutokana na kasi wala anasa. Yalitokana na gari lisilo na makuu, lenye injini ndogo, ambalo fundi yeyote anaweza kulielewa. Injini ya lita 1.0 yenye silinda tatu, iliyobuniwa na Daihatsu, ilishinda tuzo ya kimataifa ya injini bora katika daraja lake kwa miaka minne mfululizo, 2007 hadi 2010, na ndiyo hiyohiyo utakayoikuta katika Passo za majirani.

Demio ina historia ya aina nyingine, nayo naiona tamu zaidi. Ilipotoka 1996 Mazda ilikuwa taabani kifedha, na mwaka huohuo Ford iliongeza hisa zake hadi asilimia 33.4 na kushika usukani wa kampuni. Demio ya kwanza, kisanduku kirefu cha wastani kisicho na urembo wowote, iliuzwa vizuri kupita matarajio na ikasaidia kuinusuru kampuni hiyo. Toleo la tatu, lililotoka 2007, lilifanya jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifanyi: badala ya kunenepa lilipungua, likawa jepesi kuliko lililotangulia kwa takriban kilo 100, na mwaka 2008 likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Dunia. Mwaka 2011 Mazda ililipa toleo hilo injini ya Skyactiv ya lita 1.3, yenye mgandamizo wa 14 kwa 1, ambayo katika vipimo vya Japani vya wakati huo ilitembea kilomita 30 kwa lita. Toleo la nne la 2014 lilishinda tuzo ya Japani ya 2014–2015. Nairobi, hata hivyo, tuzo hizo hazijawahi kuipandisha bei Demio hadi kuifikia Vitz ya mwaka mmoja nayo, na hapo ndipo penye nafasi ya mnunuzi mwerevu.

Kuhusu Fit, jambo moja linatosha kueleza kila kitu. Tangi lake la mafuta halikuwekwa chini ya kiti cha nyuma kama katika magari mengine, bali chini ya viti vya mbele, katikati ya gari. Uamuzi huo wa 2001 uliiacha sehemu ya nyuma tupu, hivyo kiti cha abiria kinaweza kulazwa kikawa sakafu moja na buti, au makalio yake yakainuliwa na kuegemezwa kwenye mgongo wake, ukabaki na uwazi wa zaidi ya mita moja kutoka sakafuni hadi darini. Wajapani walielewa mara moja. Mwaka 2002 Fit iliuzwa zaidi ya magari 250,000 nchini mwao na kuiondoa Toyota Corolla katika kilele ilichokuwa imekikalia kwa miaka 33. Toleo la pili lilikuja Oktoba 2007, la haibridi (petroli na umeme) Oktoba 2010, la tatu Septemba 2013 na la nne Februari 2020.

Tukiyaleta magari haya Nairobi, jambo la kwanza ni ushuru, na hapa yote matatu yako sawa. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, ushuru wa bidhaa kwa injini zisizozidi cc 1500 ni asilimia 20, na VAT ni asilimia 16, kila mmoja ukihesabiwa juu ya ule uliotangulia. Thamani ya shilingi 100 inakuwa 135, kisha 162, kisha karibu 188, kabla ya ada ya uagizaji na ile ya reli. Vitz, Demio na Fit za kawaida hazivuki cc 1500, kwa sababu hata zile zinazoitwa za lita 1.5 zina cc 1496 au karibu na hapo. Kinachotofautisha ni kwamba KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haiangalii ulichomlipa muuzaji wa Japani, bali orodha yake yenyewe ya bei za magari yakiwa mapya, ambayo hupunguzwa kwa kiwango cha uchakavu kulingana na umri. Matokeo yake ni kwamba toleo la bei ya juu la gari lilelile, lenye taa za kisasa, magurudumu ya aloi na injini ya haibridi, linaweza kukugharimu ushuru mkubwa hata kama ulilipata kwa bei ya kutupa mnadani. Muulize mwagizaji jina kamili la toleo kabla ya kutuma pesa, wala usiridhike na picha.

Jambo la pili ni mwinuko wa jiji lenyewe, ambalo naona linasemwa kidogo mno. Nairobi iko mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,000. Hewa huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu iliyoandikwa katika karatasi za kiwanda. Vitz ya lita 1.0 inatoka Japani ikiwa na nguvu za farasi 70 hivi, na zikipungua kwa kiasi hicho unabaki na chini ya 60. Ndani ya msongamano wa Waiyaki Way hilo haliumizi mtu, na pengine ndiyo sababu madereva wengi wa teksi za programu wanaipenda: mafuta yake ni kidogo na mwendo wa jiji hauhitaji zaidi. Lakini panda kutoka Mai Mahiu na abiria wanne na mizigo ya mwisho wa wiki, nyuma ya lori la shehena linalokwea kama jongoo, na utaona kwamba kupita si suala la kukanyaga bali la kuvuta subira. Vitz ya lita 1.3, ambayo mafundi huitambua kwa msimbo wa chesisi NSP130 badala ya KSP130, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo bila kuongeza mafuta sana. Fit ya lita 1.3 ya toleo la tatu, yenye nguvu za farasi 100, na Demio ya toleo la nne yenye 92, hupanda bila kulalamika.

Giaboksi ndizo zinazofuata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za mnunuzi wa mitumba huzama. Vitz za toleo la tatu na Fit za petroli za toleo la pili na la tatu hutumia CVT, yaani mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili badala ya gia za kawaida. CVT si mbaya, ila inataka mafuta yake maalumu na inataka yabadilishwe, na ukitia mafuta ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni ya bei nafuu, umeanza safari ya kuinunua nyingine. Fit za kwanza kabisa, ambazo bado zinauzwa mkononi mjini, hutetemeka zikianza kuondoka kama mafuta hayo yamepuuzwa, na mtetemo huo ni wa kuusikiliza kwa makini kabla ya kutoa hata shilingi. Demio ya toleo la nne inatofautiana na zote: ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia sita, na kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuifanya gari tamu zaidi kuendesha kati ya haya matatu, kwani mguu ukikanyaga, gari linajibu pale pale bila ngurumo isiyo na mwendo.

Fit ya haibridi ya toleo la tatu, ile ya msimbo GP5, naiweka kando. Ina giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba na mota ndani yake, na mwanzoni ilimsumbua mtengenezaji mwenyewe: ndani ya kipindi kifupi tangu itoke iliitwa kurudi kurekebishwa mara kadhaa, hata Oktoba 2014 rais wa Honda wa wakati huo, Takanobu Ito, na viongozi wenzake wakakubali kukatwa sehemu ya mishahara yao. Magari mengi kati ya hayo yalirekebishwa na yanatembea vizuri. Hata hivyo, gari la mtumba ambalo giaboksi yake inahitaji kompyuta na fundi aliyeizoea ni la mtu anayemjua fundi huyo tayari, si la anayenunua gari lake la kwanza. Demio ya dizeli nayo haifai kwa anayekaa Kilimani na kufanya kazi Upper Hill. Chujio lake la masizi hujisafisha injini ikiwa moto na ikikimbia kwa muda, na safari ya dakika ishirini ya kusimama na kuondoka haitoi nafasi hiyo. Nissan Note inaulizwa mara nyingi, na tangu ile ya e-POWER ya Novemba 2016, ambayo injini yake huzalisha umeme tu na mota ndiyo inayosukuma magurudumu, ni gari la kuheshimiwa: mwezi ule iliongoza mauzo ya Japani, jambo ambalo Nissan haikuwa imelifanya kwa miaka 30. Lakini hiyo ni hadithi ya kulinganishwa na haibridi nyingine, si na magari haya.

Kwenye spea, Vitz haina mpinzani, na sababu yake haihusu ubora peke yake. Injini yake ya lita 1.5 ndiyo iliyomo ndani ya Probox, Fielder na Axio nyingi zinazobeba mboga, maziwa na abiria nchi nzima, na ile ya lita 1.0 imo ndani ya Passo. Ukifika Kirinyaga Road ukataja msimbo wa chesisi, mwenye duka hanyanyui simu, ananyoosha mkono tu rafuni. Shokomzoba, bushi, pedi za breki na hata milango mizima iliyokatwa kutoka kwa magari yaliyogongwa Japani hupatikana kwa madaraja mbalimbali ya bei. Spea za Fit zipo kwa wingi pia. Za Demio zipo, ila mara nyingi utaambiwa usubiri hadi jioni, na wakati mwingine utaletewa ya toleo jingine kwa matumaini kwamba hutagundua. Shikilia msimbo: DE ni toleo la tatu na DJ ni la nne, na sehemu nyingi za magari hayo mawili haziingiliani.

Wingi huo una upande wake mchungu. Gari ambalo spea zake zinatakiwa na kila mtu ni gari ambalo vioo vyake vya pembeni vinatakiwa na wasiovilipia. Mwenye Vitz anayeegesha barabarani hujifunza mapema kuchora namba ya usajili kwenye vioo na kuvifunga kwa riveti, gharama ndogo ambayo ni vyema kuihesabu pamoja na bima.

Thamani ya kuuza tena inafuata mkondo huohuo. Ukiitoa Vitz sokoni Ijumaa kwa bei ya haki, simu zitaanza kabla ya Jumapili, kwa sababu madereva wa teksi, walimu, wanafunzi wa vyuo na wazazi wanaomnunulia mtoto gari la kwanza wote wanaifahamu. Ile nyongeza uliyoilipa wakati wa kununua hurudi, au sehemu kubwa yake. Demio hukaa sokoni zaidi na broka atakupigia hesabu ya kukuvunja moyo. Kwa hiyo Demio ni biashara nzuri kwa anayeinunua baada ya mtu mwingine kupoteza na kukusudia kukaa nayo miaka sita au saba, na ni biashara mbaya kwa anayebadilisha gari kila herufi mpya ya namba za usajili ikitoka. Fit iko katikati, karibu zaidi na Vitz. Jina la Vitz lenyewe, kwa njia, limefufuka: tangu 2023 Toyota inauza Afrika Kusini gari dogo liitwalo Vitz ambalo kwa asili ni Suzuki Celerio kutoka India, kama jina la Starlet lilivyorejea 2020 juu ya Suzuki Baleno. Ukikutana na matangazo ya mtandaoni yenye Vitz ya 2023, ujue si mtoto wa yule unayemfahamu.

Matumbo ya magari haya yote yako chini, sentimita 14 hivi kutoka ardhini, na abiria wakijaa hushuka zaidi. Kwa matuta ya mitaa ya Umoja au barabara za vumbi za Kitengela, hakuna kati yao lililo bora, na yeyote anayekuambia vinginevyo anauza.

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu kwenye yadi moja ya Ngong Road, yeye akiwa mwokaji wa keki anayeishi Ruaka na kusambaza mwenyewe. Tulifika mapema makusudi ili kugusa boneti kabla ya magari kuwashwa. La Vitz lilikuwa la moto, na kijana wa mauzo akasema kwamba walikuwa wamelisogeza tu. Huenda ni kweli. Ila injini inayowashwa kabla mteja hajafika haiwezi kumwonyesha mteja inavyoamka ikiwa baridi, na ndicho tulichokuwa tumekuja kusikiliza. Kijana akageukia Fit nyeupe, toleo la tatu la petroli, akasema, "Mama, hii iliendeshwa na ajuza wa Japani kwenda sokoni tu." Ajuza huyo ana magari mengi Nairobi. Tukaomba karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari. Ilikuwepo, daraja 4, na kilomita zilizoandikwa humo zilikaribiana na za dashibodi. Kama ingekuwa na herufi R, yaani gari lililogongwa na kurekebishwa, tungejadiliana upya au tungeondoka. Tulitazama boliti za fenda kama zina alama za spana, tukainua zulia la buti kuona kama kuna rangi mpya au kutu, tukaweka gia ya D mguu ukiwa kwenye breki na kusikiliza kama kuna mshtuko. Nambari ya chesisi aliiandika kwenye simu ili aulize kwa mtengenezaji kama gari hilo limo katika orodha yoyote ya kuitwa kurekebishwa. Ni tahadhari inayofaa hata zaidi kwa Fit na Vitz za miaka ya nyuma, kwani nyingi kati yake zimo katika orodha za mifuko ya hewa yenye kasoro ya Takata, kampuni iliyofilisika 2017.

Alikuwa ameshaipenda Demio nyekundu iliyokuwa kando, na kwa kweli ilikuwa nzuri zaidi kwa macho na nafuu zaidi kwa mfuko. Lakini kiti cha nyuma cha Demio ni chembamba na buti lake halichukui kisanduku kirefu kikiwa kimesimama. Akafungua mlango wa nyuma wa Fit, akainua makalio ya kiti kwa mkono mmoja, yakakaa. Akatoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba na kupima kutoka sakafuni hadi darini. Jumamosi mbili baadaye keki ya harusi ya tabaka tatu ilisafiri kutoka Ruaka hadi Limuru ikiwa imesimama nyuma ya kiti cha dereva, na kwenye kila tuta yeye alikuwa akilaumu wasimamizi wa barabara, si gari.